Irving Berlin: Mtunzi aliyefungia wimbo wake sandukuni miaka 20

KILA Desemba inapobisha hodi, maduka makubwa ya Nairobi, Mombasa na Kisumu huanza kucheza wimbo mmoja wa taratibu unaotamani Krismasi yenye theluji. Wateja wengi wanaousikiliza hawajawahi kukanyaga theluji maishani mwao, ila kuiona kwa mbali juu ya kilele cha Mlima Kenya asubuhi mawingu yanapotanda kando. Hata hivyo wanaujua wimbo huo, na baadhi yao huuimba chinichini wakisubiri zamu yao ya kulipa. Ni ‘White Christmas’, uliorekodiwa na Bing Crosby mnamo 1942, ambao inakadiriwa kuwa umeuza nakala milioni 50.

Wanaolifahamu jina la aliyeutunga ni wachache mno. Huyo ni Irving Berlin, aliyefariki Septemba 22, 1989 akiwa na umri wa miaka 101, baada ya kuwaachia walimwengu nyimbo zipatazo 1,500. Lakini kisa cha kusisimua zaidi katika maisha yake hakihusu wimbo huo wa Krismasi. Kinahusu wimbo mwingine alioutunga akiwa kijana, akauona haufai, akautia sandukuni, kisha akaufufua baada ya miaka 20 na kuwapa wengine faida yake yote.

Waliotangulia walinena kwamba akiba haiozi. Maisha ya Berlin ni ushahidi wa msemo huo.

MTOTO WA WAKIMBIZI

Alizaliwa Mei 11, 1888 katika Milki ya Urusi na kupewa jina Israel Beilin. Alikuwa kitindamimba katika familia ya Kiyahudi yenye watoto wanane. Babake, Moses, alikuwa kiongozi wa nyimbo za ibada katika sinagogi, na hivyo tunaweza kusema kwamba sauti ya wimbo ndiyo iliyokuwa miongoni mwa sauti za kwanza kusikika masikioni mwa mtoto huyo.

Zama hizo Wayahudi wa Urusi waliishi roho mkononi. Magenge yalivamia mitaa na vijiji vyao, yakapora mali, yakateketeza nyumba na kuua. Familia ya Beilin ilikuwa mojawapo ya maelfu zilizofungasha virago na kuvuka bahari. Mwaka 1893 walitua New York, wakapata makao katika mtaa wa Lower East Side, ambako wahamiaji walisongamana katika vyumba vidogo visivyo na hewa wala mwanga wa kutosha.

Moses hakupata tena kazi ya maana ya kuongoza ibada. Alifanya vibarua, na alipoaga dunia kijana wake alikuwa na umri wa miaka 13 tu. Mama, Lena, aliachwa na mzigo wa kulea. Israel aliacha shule, akauza magazeti barabarani, kisha akahama nyumbani akihisi kwamba mapato yake yalikuwa duni kuliko ya ndugu zake na kwamba alikuwa mzigo kwa mamake. Alilala katika nyumba za kulala wageni maskini na kuimba katika vilabu vya pombe ili arushiwe sarafu. Baadaye alipata kazi ya kuhudumia wateja huku akiwaimbia katika mkahawa mmoja wa mtaa wa Chinatown.

Ni katika mkahawa huo alikoandika maneno ya wimbo wake wa kwanza kuchapishwa, mnamo 1907. Malipo yake hayakufika hata senti 40. Juu ya karatasi ya wimbo jina lake lilichapishwa I. Berlin, naye akaamua kulikumbatia jina hilo jipya maisha yake yote.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mtu huyu hakuwahi kujifunza kusoma wala kuandika noti za muziki. Alipiga piano kwa kutumia zaidi vibonyezo vyeusi, na baadaye akajinunulia piano maalumu yenye wenzo uliomwezesha kubadilisha ufunguo wa muziki pasi na kubadilisha mahali pa vidole. Kila alipopata wimbo ilibidi auimbe au aupige huku karani wake wa muziki akiunakili. Licha ya hayo, ‘Alexander’s Ragtime Band’ aliyoitoa mwaka 1911 ilimpa umaarufu ndani na nje ya Marekani akiwa na miaka 23 pekee.

Furaha hiyo haikudumu. Februari 1912 alimwoa Dorothy Goetz. Miezi michache baadaye, bibi harusi huyo alifariki kutokana na homa ya matumbo aliyoambukizwa walipokuwa fungateni nchini Cuba. Berlin aliyamwaga majonzi yake katika wimbo, na huo nao ukapendwa na watu wengi.

WIMBO USIO NA MAHALI

Februari 1918, Berlin alipata uraia wa Marekani. Miezi michache baadaye nchi hiyo mpya ilimwita jeshini, kwani Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimepamba moto. Alipelekwa Camp Upton, kambi iliyokuwa karibu na kijiji cha Yaphank katika kisiwa cha Long Island. Kwa mtu aliyezoea kufanya kazi usiku kucha na kulala hadi mchana, parapanda ya alfajiri ilikuwa adhabu kubwa. Aliigeuza adhabu hiyo kuwa wimbo wa kuchekesha kuhusu askari anayechukia kuamka mapema.

Wakuu wa kambi walihitaji fedha za kujenga nyumba ya kupokelea jamaa za askari waliokuja kuwatembelea. Berlin aliwaahidi tamthilia ya nyimbo itakayochezwa na askari wenyewe. Iliitwa ‘Yip Yip Yaphank’, na Agosti 1918 ilipandishwa jukwaani katika ukumbi wa Century jijini New York.

Alipokuwa akitunga nyimbo za tamthilia hiyo, Berlin aliandika mmoja wa kuhitimisha. Aliuita ‘God Bless America’. Ulikuwa dua fupi ya kuiombea nchi baraka na uongozi wa Mola. Kulingana na bintiye, Mary Ellin, maneno ya jina hilo Berlin aliyasikia tangu utotoni kinywani mwa Lena, ambaye licha ya ufukara wake hakuacha kuiombea heri nchi iliyompa hifadhi. Mwana alichukua shukrani za mamake akazifanya wimbo.

Lakini alipoupima, aliona hautoshei mahali pake. Tamthilia ilikuwa ya vichekesho na wimbo ulikuwa mzito. Isitoshe, wakati huo kila mtunzi alikuwa akiandika nyimbo za uzalendo. Harry Ruby, aliyekuwa akimnakilia muziki, aliona kwamba soko lilikuwa limefurika nyimbo za aina hiyo. Askari waliokuwa wakijiandaa kwenda kufa Ufaransa hawakuhitaji kukumbushwa kwa maneno matamu kwamba wanaipenda nchi yao. Berlin aliuondoa wimbo huo, akaweka mwingine mahali pake, na karatasi ile ikaingia katika sanduku alimohifadhi tungo alizozikataa.

Inafaa tutue hapa kidogo. Mtunzi yeyote, awe wa nyimbo, mashairi au makala za magazeti, ana sanduku kama hilo. Wengine hulisahau, na wengine hulichoma. Berlin hakuwa na mazoea ya kutupa kitu. Alikuwa na imani ya mfanyabiashara kwamba bidhaa isiyouzika leo huenda ikamfaa mnunuzi wa kesho.

MIAKA YA SHAKA

Vita vilipoisha nyota ya Berlin ilizidi kung’aa. Mwaka 1921 alifungua ukumbi wake mwenyewe wa maonyesho, Music Box, uliopo New York mpaka leo. Januari 1926 alifunga ndoa na Ellin Mackay, binti wa mkwasi Mkatoliki Clarence Mackay, ambaye alipinga kata kata mwanawe kuolewa na mhamiaji Myahudi aliyelelewa mitaani. Zawadi ya Berlin kwa mkewe ilikuwa hakimiliki ya wimbo ‘Always’, ili mapato yake yote yawe ya Ellin. Tabia ya kugawa nyimbo kama mtu agawavyo shamba ilikuwa tayari imeanza kujitokeza.

Mwaka 1928 wenzi hao walijaliwa mtoto wa kiume. Aliishi wiki tatu tu na kufariki siku ya Krismasi. Wapo wanaoamini kwamba huzuni iliyojificha ndani ya ‘White Christmas’ chimbuko lake ni kaburi hilo dogo.

Mwaka uliofuata soko la hisa la New York lilianguka, na mali ya Berlin ikaanguka nalo. Kilichomwumiza zaidi ni kwamba kisima cha nyimbo nacho kilionekana kukauka. Alianza kujishuku. Alitunga, akasikiliza, akaona hakuna kitu. Mojawapo ya nyimbo alizozidharau, ‘Say It Isn’t So’, ilichukuliwa na msaidizi wake mwaka 1932 na kupelekwa kwa mwimbaji Rudy Vallée, aliyeiimba redioni. Wasikilizaji waliipokea kwa moyo mkunjufu, na Berlin akang’amua kwamba huenda yeye ndiye hakimu mbaya zaidi wa kazi zake.

Funzo la pili lilikuja mwaka 1933. Akitafuta wimbo wa sherehe ya Pasaka kwa ajili ya tamthilia mpya, alirudi sandukuni na kuokota lahani ya wimbo aliouchapisha mnamo 1917, ambao haukupendwa na yeyote. Aliuvua maneno yale ya zamani, akauvisha mapya, na ‘Easter Parade’ ikawa miongoni mwa nyimbo zake zinazokumbukwa zaidi. Kumbe lahani haikuwa mbaya; ilikuwa imevaa nguo isiyo yake.

KUFUFUKA KWA DUA

Majira ya vuli ya mwaka 1938, Berlin alirejea nyumbani kutoka London. Ulaya ilikuwa imeponea vita chupuchupu baada ya viongozi wa Uingereza na Ufaransa kukubali Munich kwamba Adolf Hitler achukue sehemu ya Czechoslovakia. Ujerumani, Wayahudi walikuwa wamevuliwa uraia na kufukuzwa kazini. Mtoto yule aliyetoroshwa kutoka Urusi sasa alikuwa mtu wa miaka 50, na aliona mambo yaliyoikimbiza familia yake yakirejea kwa sura ya kutisha zaidi. Alitaka kuandika wimbo wa amani.

Wakati huohuo Kate Smith, mwimbaji aliyekuwa na kipindi maarufu redioni, pamoja na meneja wake Ted Collins, walikuwa wakitafuta wimbo wa kizalendo wa kuadhimisha miaka 20 tangu kukomeshwa kwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Walimwendea Berlin. Alijaribu kutunga wimbo mpya, akauacha. Alijaribu tena, na bado haukumridhisha. Ndipo alipoikumbuka dua aliyoifungia akiwa askari.

Alipoutoa wimbo huo hakuuimba jinsi ulivyokuwa. Sisi ambao kazi yetu ni kuhariri maandishi ya wenzetu tunajua kwamba neno moja laweza kuharibu ukurasa mzima. Mwaka 1918, Berlin alikuwa ameomba nchi iongozwe kuelekea upande wa kulia, akimaanisha njia iliyo njema. Kufikia 1938 neno hilo lilikuwa limekwisha kutwaliwa na wanasiasa, na mtu angeweza kudhani kwamba mtunzi anapigia debe chama fulani. Aliliondoa. Aidha, toleo la kwanza lilikuwa na ombi la ushindi vitani. Hilo nalo alilifuta, na mahali pake akaweka sifa za milima, mbuga na bahari. Kwa mabadiliko hayo machache wimbo wa vita uligeuka kuwa wimbo wa amani. Aliuongezea pia utangulizi mfupi unaotaja dhoruba inayojikusanya ng’ambo ya bahari.

Alhamisi usiku, Novemba 10, 1938, Kate Smith aliuimba redioni kwa mara ya kwanza. Usiku wa kuamkia siku hiyo, Wanazi walikuwa wameteketeza masinagogi kote Ujerumani, wakavunja maduka ya Wayahudi, na wanaume wa Kiyahudi wapatao 30,000 wakaanza kukamatwa na kupelekwa kambini. Hakuna aliyepanga matukio hayo mawili yakutane. Lakini Wamarekani waliosoma magazeti mchana na kuwasha redio usiku walisikia shukrani za mtu ambaye, lau babake hangefunga safari mwaka 1893, angekuwa upande wa pili wa dhoruba ile.

FAIDA KWA WATOTO

Wimbo huo ulienea kama moto nyikani. Shule ziliuimba, makanisa yakauimba, viwanja vya michezo vikaupiga. Mwaka 1940, vyama vyote viwili vikuu vya kisiasa viliutumia katika mikutano yao ya kuteua wagombea wa urais. Wapo hata waliotaka uchukue nafasi ya wimbo wa taifa ulioidhinishwa mwaka 1931.

Hapa ndipo Berlin alipowashangaza waliomjua. Katika biashara alikuwa mgumu kama jiwe. Alikuwa na kampuni yake ya kuchapisha muziki, alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha kutetea mapato ya watunzi mwaka 1914, na alilinda hakimiliki zake kwa wivu mkubwa. Lakini mirabaha ya wimbo huu hakutaka iingie mfukoni mwake. Aliona si haki mtu kutajirika kutokana na mapenzi kwa nchi yake. Mwaka 1940 aliunda wakfu wenye wadhamini mashuhuri, akiwemo aliyekuwa bingwa wa dunia wa masumbwi Gene Tunney, na kuagiza kwamba kila senti itolewe kwa maskauti wa kiume na wa kike. Mamilioni ya dola yamepitia mikononi mwa watoto hao tangu wakati huo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Hata hivyo si wote waliopiga makofi. Makundi yaliyowachukia Wayahudi, yakiwemo ya waliomuunga mkono Hitler ndani ya Marekani, yaliususia wimbo huo. Yaliuliza ni kwa haki gani mhamiaji Myahudi aliyebadilisha jina anajitwika jukumu la kuiombea baraka nchi ya wenyewe. Kutoka upande mwingine kabisa, mwimbaji wa watu wa tabaka la chini Woody Guthrie aliuchoka wimbo huo kwa sababu haukutaja njaa aliyoiona barabarani. Februari 1940 aliandika ‘This Land Is Your Land’ kuujibu.

Jibu la Berlin lilikuwa kazi. Marekani ilipoingia katika Vita vya Pili vya Dunia, alirudi kwenye wazo lake la Yaphank na kuunda tamthilia nyingine ya askari, ‘This Is the Army’, mwaka 1942. Alipanda jukwaani mwenyewe, akiwa na miaka 54, amevaa sare ya zamani, akaimba ule wimbo wake wa 1918 wa askari asiyependa kuamka. Akasafiri na kikosi hicho hadi Uingereza, Italia na visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Jeshi la Marekani wakati huo liliwatenga weusi na weupe, lakini katika kikosi cha Berlin walisafiri, wakalala na kuigiza pamoja. Tamthilia hiyo na filamu yake zilichangisha takriban dola milioni 10 kwa ajili ya familia za wanajeshi.

MACHWEO

Mwaka 1954, Bunge la Marekani liliidhinisha Berlin atunukiwe nishani ya dhahabu kwa tungo zake za uzalendo, ukiwemo ule wa sandukuni. Tamthilia yake ya mwisho, ‘Mr. President’ ya mwaka 1962, haikufua dafu. Muziki wa rock ulikuwa umewateka vijana, na mzee akajitenga nyumbani kwake Manhattan. Mojawapo ya nyakati chache alizotoka hadharani ilikuwa Mei 1968, alipotimiza miaka 80. Alisimama katika kipindi cha runinga cha Ed Sullivan, akaimba ‘God Bless America’ kwa sauti yake nyembamba iliyochakaa, huku amezungukwa na maskauti wadogo.

Ellin alimtangulia mbele ya haki Julai 1988, baada ya ndoa ya miaka 62. Naye akamfuata mwaka uliofuata. Septemba 11, 2001, magaidi walipoiangusha minara ya New York, wabunge wa vyama vyote walisimama jioni kwenye ngazi za jengo la Bunge jijini Washington. Wimbo walioanza kuuimba, bila kuandaliwa, ulikuwa ule ule alioukataa askari wa Camp Upton.

Sisi Wakenya hatuna sababu ya kulistaajabia jambo hili. Lahani ya wimbo wetu wa taifa ilitokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo wa Tana River. Akina mama waliuimba kwa miaka mingi pasi na kujua kwamba ungekuja kusimamisha bunge, jeshi na wanariadha washindi. Walichokifanya Graham Hyslop, George Senoga-Zake na wenzao mwaka 1963 ni kuutambua thamani yake na kuuvisha maneno yaliyowiana na majira.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lena Beilin alifika New York bila chochote cha kuwapa wenyeji ila dua yake. Mwanawe aliiandika, akaidharau, akaihifadhi, akairekebisha na hatimaye akaigawa. Huenda msomaji naye ana daftari kuukuu chini ya kitanda, lenye shairi au wimbo aliouona haufai enzi za ujana wake. Si lazima utikise taifa. Lakini kabla ya kuwashia jiko karatasi zake, ni vyema alifungue angalau mara moja zaidi.